Kilicho Karibu na Mkono: Sanduku la Huduma ya Kwanza kwa Mbwa

Jioni ya leo nina mazungumzo kuhusu mbwa wa nyumbani, na hasa kuhusu ile robo saa ya kwanza baada ya mbwa huyo kupatwa na jambo. Kagongwa na pikipiki. Kakatwa panga usiku akilinda geti. Kaokota mnofu wenye sumu. Kamsogelea nyoka majanini. Daktari wa mifugo, kwa wengi wetu, hayuko mtaa wa pili. Yuko mjini, au makao makuu ya wilaya, au yuko njiani anakwenda kuzalisha ng'ombe wa mtu mwingine. Katika robo saa hiyo, mengi huamuliwa na kitu ulichokishika mkononi.

Mtu mwenye uchungu na mnyama wake hawezi kukaa bure akitazama. Lazima afanye kitu, na asipokuwa amejiandaa atachukua kilicho karibu. Sasa hebu tutazame vilivyo karibu katika nyumba zetu. Kuna Panadol na diklofenaki juu ya kabati. Kuna mafuta ya taa. Kuna kopo la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kuna maziwa, kuna spiriti, na kwa wafugaji kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kila kimoja kati ya hivyo watu wamekitumia kumtibu mbwa kwa nia njema kabisa, na kikitumika vibaya kinaweza kumwongezea maumivu, au kummaliza. Kwa hiyo ninaposema tutengeneze sanduku la huduma ya kwanza, nina maana moja: tuweke kitu sahihi karibu na mkono kuliko kile cha hatari. Hiyo ndiyo kazi yake. Sanduku halimfanyi mtu kuwa daktari. Linampa mbwa muda wa kumfikia daktari, na linatuzuia sisi kumdhuru wakati tunahangaika.

Najua kuna anayesikiliza na kujiuliza: mbwa naye awekewe sanduku la dawa, wakati binadamu wengine hawana? Ni swali la haki, na lina jibu. Kwanza, mbwa wengi wa kwetu wana kazi. Wanakesha ili sisi tulale. Wanaolinda mifugo huko Umasaini, wanaolinda maduka ya Kariakoo na mabohari ya Mombasa, wakiumia wameumia kazini. Pili, karibu vitu vyote nitakavyovitaja vinapatikana katika duka la kawaida la dawa, na siku mtoto akijikata kwenye bati, shashi na bendeji hizo hizo zitamfaa. Tatu, afya ya mbwa ni afya ya nyumba nzima, nami nitaeleza punde kwa nini. Na kwa wale wanaouliza kwa upande wa dini, Waislamu wanakijua vizuri kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kwa upande wa serikali, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Kumhudumia mnyama aliye chini ya ulinzi wako ni wajibu.

Basi tuanze. Chombo chenyewe kisikusumbue. Ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ile iliyokuwa na mafuta ya kula, ikioshwa ikakaushwa inafaa kabisa. Andika juu yake kwa herufi kubwa: MBWA. Iweke mahali pakavu, pasipo na joto, mbali na watoto, lakini mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua, pamoja na mlinzi na dada wa kazi, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokuwepo. Usiihifadhi ndani ya gari wala chini ya bati lisilo na dari. Joto la mchana huharibu dawa na gundi ya plasta.

Vitu vya kwanza kuingia ndani ya ndoo hiyo ni vya kukulinda wewe: kipande cha sabuni, na glavu jozi kadhaa. Mbwa mwenye maumivu huuma. Huuma hata mkono unaomlisha, kwa sababu wakati ule hajui kingine ila maumivu. Na kuumwa na mbwa katika nchi zetu si jambo la kufunga kitambaa na kusahau, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi Afrika na Asia, na kati ya kila wagonjwa 100, 99 waliambukizwa na mbwa. Wengi ni watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Lakini kabla dalili hazijaanza, kuna nafasi kubwa ya kupona, na nafasi hiyo inaanzia kwenye sabuni. Ukiumwa, au mate ya mbwa unayemshuku yakaingia kwenye mchubuko, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Angalia saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha paka iodini, na uende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kuna jambo moja hapa naomba mlishike sana. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Mwingine hupooza: taya linaning'inia, mate yanamtoka, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Ukimtazama utasema amekwamwa na mfupa. Ndipo mtu mwenye huruma anapoingiza mkono kinywani kuutafuta mfupa ambao haupo. Mbwa aliyeachama ghafla, asiyemeza, na hasa ambaye hajachanjwa, usimtie mkono mdomoni. Mfungie mahali, wazuie watoto, umwite mtaalamu wa mifugo.

Glavu zina faida nyingine. Kwa majirani zetu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, glavu zinaondoa kikwazo. Mtu anaweza kumsaidia mnyama na bado akalinda twahara yake. Pamoja na glavu weka kitambaa kirefu laini, upana wa vidole vitatu hivi, urefu wa mita moja, cha kumfunga mbwa mdomo. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Pitisha kitanzi juu ya pua, kaza kiasi, vuka chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Lakini mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, aliyezimia, au aliyezidiwa na joto, huyo usimfunge mdomo kabisa. Mbwa hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na matapishi yakikosa njia yataingia mapafuni.

Baada ya kujilinda, twende kwenye kupima. Weka kipimajoto cha dijitali, kikiwa na alama yake ili kisichanganywe na cha watoto, na kopo dogo la mafuta ya mgando. Watu wengi wanapima homa ya mbwa kwa pua: ikiwa mbichi na baridi wanasema mzima, ikiwa kavu wanasema mgonjwa. Pua haisemi kweli. Mbwa mzima akiamka usingizini pua yake huwa kavu. Paka ncha ya kipimajoto mafuta, ingiza taratibu njia ya haja kubwa sentimita mbili hivi, subiri kilie. Joto la kawaida la mbwa liko kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Kwa binadamu nyuzi 38 na nusu ni homa; kwa mbwa ni uzima. Asiyejua hilo ataanza kumtibu mbwa asiyeumwa.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo. Inua mdomo wa juu, tazama ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni wa rangi ya waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi inapaswa kurudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Wapo mbwa ambao ufizi wao ni mweusi kwa asili. Kwa hao tazama ndani ya kope la chini. Kwa nini ninakazia hili? Kwa sababu mbwa akigongwa na pikipiki mara nyingi huinuka, akakimbilia uvunguni, na watu wakasema amepona. Kumbe damu inavujia tumboni. Ufizi ukigeuka mweupe, damu inapungua, hata kama hakuna tone sakafuni. Mtazame kila baada ya muda kwa siku nzima, wala usingoje aanguke.

Sasa majeraha yanayoonekana. Hapa ndipo sanduku linapojaa: shashi safi za kutosha, bendeji za kuzungusha, zikiwemo zile zinazojishika zenyewe, pamba, plasta pana, mkasi wenye ncha butu, taulo safi moja. Damu inayochuruzika hukomeshwa kwa kuigandamiza. Weka shashi iliyokunjwa juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja dakika tano hadi kumi bila kufunua kuchungulia. Kila unapofunua unang'oa damu iliyoanza kuganda. Shashi ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Usifunge kamba ya kukaza juu ya mguu. Kiungo kinaweza kufa. Ukucha ukichanika, ile shabu ya vinyozi, ikisagwa na kukandamizwa juu ya ukucha, husaidia kuzuia damu.

Kusafisha jeraha kunahitaji maji mengi kuliko dawa nyingi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa sana, acha yapoe, kisha yarushe juu ya jeraha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Weka mabomba mawili matatu ya namna hiyo, makubwa na madogo. Baada ya maji, iodini ya povidoni iliyozimuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Spiriti haifai katika kidonda kibichi. Inaunguza nyama inayotaka kupona. Na oili chafu, ndugu zangu, tuiache. Inapakwa mbwa mwenye upele kila siku katika mitaa yetu. Mbwa hujilamba, na kwa kujilamba anaila ile oili pamoja na mabaki ya madini yaliyomo, nayo ngozi inaungua. Upele wa mbwa una dawa zake, na siku hizi zinapatikana katika maduka mengi ya dawa za mifugo.

Ukifunga bendeji, acha vidole viwili vya katikati vya mguu vionekane, na uhakikishe kidole chako kinapita chini ya bendeji. Ukiona vidole vimevimba au vimepoa, fungua haraka. Mguu uliovunjika usiunyooshe wala usiufunge vijiti. Mbebe mbwa kama alivyolala. Kwa kumbeba, gunia safi au shuka nzito vinatosha, watu wawili wakishika pembe. Ikiwa ni mgongo ulioumia, tafuta ubao.

Weka pia kibano. Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpinda. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta ya taa. Ukimsumbua namna hiyo anaweza kutapika ndani ya damu ya mbwa na kumwachia ugonjwa. Mbwa aliyekuwa na kupe akianza kulegea, akakataa chakula, ufizi ukapauka au mkojo ukawa mweusi kama kahawa, hiyo ni safari ya kwa daktari. Na wale funza wa nzi wa maembe, wanaoingia ngozini mbwa anapolala kwenye mchanga wenye mkojo, paka tundu lao mafuta ya mgando uwanyime hewa, wakichungulia uwakamue wakiwa wazima. Usiwapasulie ndani.

Wasikilizaji, kama mna kalamu na karatasi, hapa ndipo pa kuvichukua. Tumefika kwenye sumu.

Kwanza, dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu. Vidonge ambavyo kwako ni vya kawaida vinaweza kumlaza mbwa mdogo asiamke. Kwa hiyo ndani ya ndoo yetu hamna kidonge chochote cha maumivu, isipokuwa kile ambacho daktari wa mifugo amemwandikia mbwa huyo kwa uzito wake. Vyakula navyo: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, na chingamu zisizo na sukari zenye kiungo kiitwacho zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa si sumu, lakini huvunjika vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo.

Pili, sumu ya panya. Nyingi kati yake huzuia damu kuganda, na ubaya wake ni kwamba mbwa huonekana mzima siku mbili, tatu, hata tano, ndipo aanze kuvuja damu puani, kwenye ufizi au kwenye haja. Anayesubiri dalili amechelewa. Ukijua ameila, mpeleke siku hiyo, na uchukue pakiti yenyewe; daktari akilisoma jina la dawa anajua kama vitamini K inahitajika. Tatu, dawa za wadudu, ambazo mara nyingi ndizo zinazowekwa kwenye nyama na watu wenye nia mbaya. Hizo hazisubiri: mbwa anatokwa na mate mengi, anatetemeka, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama nukta. Ni hali ya dakika, na daktari ana sindano yake. Ikiwa dawa imemwagikia manyoya, vaa glavu, muoshe kwa sabuni na maji mengi kabla hajajilamba. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kwa mbwa kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa.

Sasa kosa kubwa. Mbwa akila sumu, kwetu hupewa maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kula, maji ya chumvi nyingi. Maziwa hayaizimi sumu. Mafuta yanaweza kusaidia baadhi ya sumu kupenya mwilini haraka. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Na kinywaji chochote ukimmiminia kwa nguvu mbwa anayetetemeka au aliyezimia kitaingia mapafuni. Usimtapishe kwa uamuzi wako pia. Kama amekunywa mafuta ya taa, asidi au dawa ya kuondolea madoa, kitu hicho kitamuunguza mara ya pili kikirudi. Piga simu kwanza, ueleze ni nini, kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana uzito gani. Kuna mkaa maalumu wa dawa unaonasa sumu tumboni, na daktari anaweza kukushauri kuuweka sandukuni, lakini utolewe kwa maelekezo yake. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo.

Nyoka. Akiwa ni moma, utaona uvimbe unapanda kwa kasi, mara nyingi usoni au mguuni, kwa sababu mbwa hunusa kwanza. Usikate kwa wembe, usinyonye, usikaze kamba, usibandike jiwe la nyoka. Mzuie asitembee; mbebe. Vua ukosi wa shingoni kabla uvimbe haujaubana. Akiwa ni swila, yule anayetema, sumu huingia machoni, na hapo mikono yako ina kazi ya kweli: suuza macho kwa maji safi mengi, au yale maji ya chumvi niliyoyataja, kwa robo saa bila kukatisha. Macho yaliyotemewa sumu na swila yakisuuzwa mapema huweza kuokolewa. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kwa daktari kama ushahidi. Kumbuka tu rangi na ukubwa wake.

Na joto. Sisi wa Pwani tunajua Januari na Februari za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilivyo. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anategemea kuhema, na hewa ikiwa nzito kwa unyevunyevu kuhema hakumfaidii sana. Halafu sisi tunamfungia mchana kutwa katika banda la bati. Mbwa anayehema bila kupumzika, ufizi mwekundu sana, anayumba, anatapika, kipimajoto kimepita nyuzi 41, huyo anakufa kwa joto. Mpoze kwanza, safari baadaye. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba tumboni, kwenye mapaja na miguuni, mpepee kwa nguvu, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo kama ana fahamu. Usimfunike taulo likamkalia. Likipata joto linamchemsha. Akishuka kufikia 39 na nusu acha kumwagia maji, na umpeleke kwa daktari hata kama ameinuka, kwa sababu madhara ya ndani huweza kujitokeza baadaye. Lakini dawa ya kweli hapa ni banda: paa la makuti au mti juu yake, hewa ipite, na maji yasikauke.

Yapo mambo ambayo ndoo yetu haiwezi kuyafanyia lolote, na kuyatambua ni sehemu ya huduma. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tumbo likimvimba ghafla akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo lake huenda limejisokota. Usimpe chochote; ondoka. Mbwa mwenye degedege, usimshike ulimi wala usimkandamize. Ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa, na ikipita dakika tano ni hali ya hatari.

Kitu cha mwisho sandukuni ni karatasi, na kwa maoni yangu inaizidi thamani dawa yoyote iliyomo. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika, iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki. Iwe na namba mbili za simu za madaktari wa mifugo, si moja. Iwe na tarehe ya chanjo ya mwisho. Iwe na uzito wa mbwa. Kama huna mizani yake, panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Iwe na namba ya dereva wa bajaji au pikapu ambaye mmekwisha kubaliana kwamba atambeba mbwa. Usicheke jambo hilo. Saa saba za usiku si saa ya kuanza kumbembeleza dereva ambaye hajawahi kumbeba mbwa na anaiona damu.

Kagua sanduku mara mbili kwa mwaka, utoe vilivyopitwa na wakati. Na mzoeze mbwa mikono yako akiwa mzima. Wengi wa mbwa walinzi hawaguswi kuanzia asubuhi hadi jioni; siku ya shida ndiyo siku ya kwanza kuguswa mguu, na wanaona wanashambuliwa. Jioni ukimpa chakula, mshike nyayo, mfunue mdomo, mpitishe mkono tumboni. Utamjua alivyo akiwa na afya, na siku akibadilika utajua mapema kuliko mtu yeyote.

Kama kipato hakiruhusu kununua vyote kwa pamoja, anza kesho na sabuni, glavu, shashi na ile karatasi ya namba za simu. Mengine ongeza mwisho wa mwezi. Lakini kabla ya bendeji hata moja, mpeleke mbwa wako akachanjwe kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu, na umrudishe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, aliyeanza kumchanja binadamu dhidi ya ugonjwa huo mwaka 1885, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na maeneo mengi hutumia siku hizo kuchanja mbwa. Muulize ofisa mifugo wa kata yako lini zoezi linafika kwenu, na mpitie jirani mwende pamoja na mbwa wake. Hakuna sanduku linalotibu kichaa cha mbwa. Chanjo inakizuia.